Katikati Patupu

Ndani ya basi la kutoka Bungoma, Chesang alijifanya anatazama mahindi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Wepukhulu, aliyekaa hapo, alikuwa akienda Matisi, mara yake ya kwanza kwenye mkutano wa walioacha pombe. Mzee wa pembeni yake, mwanachama wa kikundi hicho, alimweleza.

“Tunakaa duara, kama tulivyozunguka chungu cha busaa, ila bila mirija. Katikati patupu. Harafu unasikia chungu kikitokota.”

“Na chungu hakuna?”

“Hakuna, bana. Ukiwa na sisi, kinanyamaza. Peke yako, hakinyamazi.”

“Mimi nakisikia sasa hivi, mzee. Chini ya kiti.”

Chesang, ambaye hajawahi kuonja hata tone, aliinua miguu.

Basi likasimama Matisi. Mzee alishuka, akamnyooshea Wepukhulu mkono. Wepukhulu alikuwa bado amekaa, amekishika kiti chake kwa mikono miwili.