Bwana Shamba Aliyelipumzisha Bonde

Marehemu mzee wetu, bwana shamba ambaye wengi mlimwita Bwana Pumzisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba katika nyumba ya wakulima wa bondeni.

Shule ya msingi aliiendea kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu kila asubuhi, na mwaka 1974 akahitimu stashahada ya kilimo. Cheti chake bado kinaning'inia sebuleni, kioo kimepasuka.

Kwa miaka thelathini na minne alizunguka mashambani kwa baiskeli, daftari la mavuno mfukoni. Jina la utani alilipata kwa wimbo wake usiobadilika: udongo nao huchoka, upumzishe.

Mwaka 1978 alimwoa mama. Kabla ya hapo alikagua mahindi ya baba mkwe mara nne katika wiki moja, akisingizia viwavi, hata mzee akamwambia, "Kijana, mdudu unayemtafuta yuko jikoni."

Mwaka 2007 familia sitini na mbili zilifuata ushauri wake, zikayaacha mashamba ya bondeni yapumzike misimu miwili. Septemba 2008 wapimaji wa mgodi wakafika, wakakuta majani, wakaandika: ardhi isiyotumika. Marehemu alibeba madaftari yake yote hadi ofisini kwao. Hakuupinga mgodi, aliomba wachimbe mlima, bonde liachwe lilishe watu, wachimbaji wakiwemo. Afisa alimjibu kwa upole kwamba wao huandika wanachokiona. Maji yalikuwa yameshamwagika. Leo bonde ni shimo, na unga tunanunua dukani, umetoka mbali.

Mwanawe wa kwanza anaendesha lori humo shimoni, na mshahara huo ndio uliomnunulia baba dawa. Watu hawakumlaumu, ila mjane mmoja jirani alimwambia siku moja kisimani, "Bwana shamba, sisi tulikusikiliza wewe." Tangu siku hiyo hakumshauri mtu tena.

Kiharusi kilimpata Juni 2022, kikauchukua mkono wake wa kulia. Alilazwa hospitalini mara tatu. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi alasiri.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na nusu ekari hii tunapomzika. Aliagiza kaburi lisijengewe saruji. Jumapili iliyopita, mvua ya kwanza ilipopiga bati, alimwita binti yake wa pili, anayesoma wasifu huu, akamwambia, "Mkishanizika, msikae kunililia shamba likiwa tupu. Wapimaji wakirudi, wasikute majani."

Kwa hiyo tunawaomba, tukishamfukia, kila mmoja apande mstari mmoja kabla ya kuondoka. Mbegu amezileta yule mjane wa kisimani. Ziko kwenye ndoo pale mlangoni.

Yeye kazi yake imekwisha, Mungu amlaze pema. Majembe yako nyuma ya nyumba.