Veronicah Gatakaa na Hesabu ya Kumi

Kwa miaka thelathini na moja mradi wetu wa maji hapa Mitunguu umetegemea kiganja kimoja, na kiganja hicho kitapumzika Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Ni cha Mama Veronicah Gatakaa, mlinzi wa bomba.

Wageni huuliza ni bomba gani linalohitaji mlinzi. Ni lile linalovuka bonde la mto likining'inia kwenye waya nene ya chuma. Kila asubuhi Mama Gatakaa aliipiga waya mara moja kwa mchi wa jikoni kwake, akaweka kiganja, akahesabu kwa Kimeru. Waya yenyewe haiendi popote. Ni pigo linalosafiri: linafika ng'ambo, linagonga mwamba, linarudi. Likirudi mara ya tatu hesabu ikiwa kumi, waya imekaza sawasawa, maji yafunguliwe. Ikilegea, pigo linatembea polepole kama mtu aliyetoka kula harusini.

Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyeongoza, maana nimefunga nyaya kutoka Runyenjes mpaka Gachoka na hakuna iliyonishinda. Ule mchi tuliuita Daktari.

Halafu ikaja mvua ya Aprili 2014. Bomba lilivuja katikati ya bonde, nami nilishaingia kwenye kikapu cha kuvukia kinachoning'inia kwenye waya hiyo, spana mkononi, nikijigamba kwamba nitarudi chai ikiwa bado moto. Mama akapiga waya, akahesabu. Kumi ikapita. Kumi na tatu.

"Baba Rwamba, shuka," akaniambia. "Waya imelegea. Leo utapitia darajani."

Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Akaikalia kamba ya kikapu, na huyo mama hasukumwi. Tukazunguka kwa daraja, nimenuna njia nzima. Ng'ambo tukakuta chuma kinachoshika waya kimechomoka mwambani, kimebaki ndani urefu wa kidole tu. Na si kidole changu hiki kinene, ni cha Rwamba wangu, wakati huo yuko chekechea.

Miaka yote hii nimesimulia sokoni kwamba ni mimi niliyegundua. Leo naandika vile ilivyokuwa.

Jumatatu alinikabidhi mchi. Nikapiga, nikahesabu kwa Kiembu changu: kumi. Kiganja chake kilikuwa kando ya changu. Akaenda kufungua maji.

Asante, Mama Gatakaa. Kaa vizuri na ndizi zako na wajukuu wako, siku zako ziwe tamu na ndefu. Kila asubuhi tukifika kumi, tutakutaja.

Njuki, fundi wa mabomba