Rasimu ya Tatu ya Kifo cha Mdogo Wangu

— Weka mamba! Nakwambia weka mamba, msomaji atetemeke!

— Mamba, Redio? Kwenye shimo la msingi? Kaletwa na nani, na fundi wa zege?

Redio na Kinyozi walikuwa wakigombania hadithi yangu asubuhi hiyo, kwenye benchi lililo nje ya mlango wetu. Mama hupika kahawa ndani, mimi naigawa nje. Ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha shule. Kazi yangu nyingine ni kuandika. Sijaajiriwa na gazeti lolote: natuma hadithi, wakiipenda wanaichapa. Hii ilikuwa imerudi mara mbili. Pembeni mhariri aliandika kwa penseli, “Kuna pengo. Jaribu mara ya mwisho.” Pengo lenyewe liko wapi, hakusema. Ni hadithi ya mdogo wangu, aliyetumbukia mchana katika shimo la msingi nyuma ya nyumba, likiwa limejaa maji ya mvua. Alikuwa na miaka mitatu. Niliwasomea yote kwa sauti ya chini, mama asisikie, nikawaomba waniambie ukweli.

— Nzuri, binti yangu, — Kinyozi alisema. — Safi kabisa.

— Nzuri nimeshaambiwa, mjomba. Imekosa nini?

Profesa, anayeitwa hivyo kwa sababu ya miwani wala si kwa shule, alikohoa.

— Imekosa maneno mazito. Usiseme “alizama”. Sema “alitwaliwa na kina”. Na wewe Kinyozi usimsifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Maji si yamo tele humo? — Redio alisema, akacheka peke yake, kisha akaacha.

— Una adabu wewe? — Kinyozi alimkemea.

— Basi sikieni. Mtoto asife. Chini ya shimo kuna mji wa majini. Wanamlea, wanamsomesha, anarudi waziri.

— Waziri wa nini?

— Wa maji, wa nini tena? Subira huvuta heri. Na aliyezama, nani anamshinda subira?

Kinyozi alimpiga teke chini ya benchi. Nililiona.

— Wajomba, — nilisema, — ninyi ndio mliomtoa siku ile. Mlikuwepo. Hakuna nilichokiruka?

Profesa alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

— Hakuna. Tumesikiliza watu watatu, na penye wengi hapaharibiki neno. Peleka hivyo hivyo.

Pembeni alikaa mwanamke mmoja, mpita njia. Hatukuwahi kumwona. Alikuwa amemaliza kikombe chake na anafunga kamba za mfuko ili aondoke.

— Samahanini, — alisema. — Mama yake mtoto alikuwa wapi?

Hata Redio, ambaye huongea na kahawa ikiwa mdomoni, alitazama miguu yake. Niligeuza karatasi zangu toka mwanzo hadi mwisho. Mama hayumo. Nimeiandika mara tatu, na mara zote, nikifika mchana ule, naruka hadi kwenye kelele za majirani. Wenzangu hawa walijua. Walikuwa tayari kuniletea mamba na majini, ili mradi wasiniulize hilo.

— Hiyo si lazima, dada, — Kinyozi alisema haraka. — Hadithi ni ya mtoto.

— Nimeuliza tu, kaka. Nilikuwa namtafuta kwenye hadithi.

Pazia la mlango likasogea. Mama alikuwa amesimama na birika mkononi, sijui tangu saa ngapi. Hakumtazama mtu, alitazama zile karatasi.

— Andika nilikuwa nimelala, — alisema. — Usiseme nilikuwa naumwa. Usiseme nilichoka. Nilikuwa nimelala tu.