Bonaventura Tomaso, Mchaguzi wa Njia za Chembe

Marehemu Dkt. Bonaventura Tomaso Bura alizaliwa kijijini Daudi, Mbulu, tarehe 14 Julai 1979, mtoto wa pili wa hayati mzee Tomaso na mama Fransiska. Familia imekubaliana kutosema uongo mbele ya jeneza: marehemu alikuwa mtu mwema, na alikuwa na wivu. Wivu wenyewe ulikuwa na jina. Uliitwa Gidamis.

Walikutana mwaka 1994 kwenye sekondari ya bweni. Gidamis, mtoto wa wafugaji wa Nangwa, alishika namba moja katika fizikia muhula wa kwanza tu. Marehemu akawa wa pili, na wa pili akabaki. Likizo alimlalamikia mama yake kwamba yule mchunga ng'ombe anafaulu huku amelala. Mama akamjibu, "Basi na wewe lala."

Mwaka 2009 wote wawili waliajiriwa kwenye maabara moja huko Ulaya. Humo chembe ndogo kuliko vumbi hugonganishwa, na kila inayoruka huacha njia yake ndani ya mtambo. Migongano ni mingi mno kuhifadhiwa yote, kwa hiyo kompyuta huamua papo hapo upi ubaki, upi utupwe. Kazi yao ilikuwa kuifundisha ichague vizuri. Gidamis alitaka zibaki njia zinazoanzia pale pale penye mgongano. Marehemu alisema zinazoanzia pembeni nazo zisitupwe, maana chembe nyingine husafiri kidogo kabla ya kuvunjika. Hoja alikuwa nayo, ila mpango wake uliichelewesha kompyuta. Ukachukuliwa wa Gidamis. Tangu siku hiyo walikula kwenye meza tofauti.

Tarehe 5 Januari 2013 marehemu alifunga ndoa na Doris Hermani, mwalimu wa Katesh. Gidamis alileta zawadi ya mtamba. Mtamba huyo alipozaa, akawashinda kwa maziwa ng'ombe wote wa nyumbani. Basi kila akija likizo Daudi, marehemu alikunywa chai ya rangi. Doris akimuuliza, alisingizia tumbo.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akarudi nyumbani. Machi mwaka huu Gidamis alifika, akamwamkia mama shikamoo, akaketi miguuni pa kitanda. Alieleza kwamba mpango wake ulikuwa unatupa njia nzuri. Sasa kompyuta huanza na ule wake wa haraka, kisha zile inazozitilia shaka tu huzipitisha kwenye mpango wa Bonaventura. Wamejaribu, na zilizokuwa zikipotea zimeonekana. Kwenye ripoti, jina la Bonaventura limeandikwa la kwanza.

"Hata kupatana umeniwahi," marehemu akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Angela, leo nitilie maziwa."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Mei 2025, nyumbani Daudi.

Ameacha mama yake, mjane wake Doris, watoto wake Angela na Ezekiel, na dada yake Marieta anayesoma wasifu huu. Aliagiza Gidamis naye atajwe, ila awe wa mwisho.

Na Gidamis.

Bonaventura apumzike kwa amani, asigeuke tena kuangalia nani yuko mbele.