Bi Tabia Aliyesubiri Jibu la Maabara

Na Shekinah, chumba cha bili

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: faili ambalo Bi Tabia aligoma kulifunga mwezi Agosti lilikuwa langu.

Bi Tabia Bakiri anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka ishirini na sita ya kuandaa bili za bima katika kliniki yetu hapa mtaa wa Malvern. Alipotoka Tanga alianzia mapokezi. Namba za matibabu, zile bima wanazolipia, alijifunza hapa hapa. Mimi ananifundisha tangu Januari, nilipotoka shule.

Kila operesheni ndogo ina namba yake, na Bi Tabia hakubali namba ya kukisia. Daktari Yasini akitaka kukata uvimbe bila kuupima, Bi Tabia humfuata mlangoni na rula, kwa sababu ngozi ikishakatwa hunywea. Urefu wa mishono ya usoni hujumlishwa na wa usoni. Ya mguuni hubaki mguuni. Mlinzi mmoja wa mtaa wa Turffontein, aliyeangukia kioo, alimsikia akijumlisha kwa sauti akamsihi apunguze sentimita kidogo, mkewe asije akazimia.

Lakini sheria yake kubwa ni hii: uvimbe uliokatwa haupewi jina mpaka maabara ijibu.

Mwisho wa Agosti, meneja wetu Joël alitaka bili zote ziende. Katika faili moja daktari aliandika kwamba anashuku saratani.

"Eish, Bi Tabia, weka namba ya saratani tufunge mwezi."

"Joël mwanangu, kipande bado kiko maabara. Wewe umekiona?"

"Na bima wakiuliza?"

"Waambie Tabia mkaidi. Mtoto wa watu simwandikii saratani kwa kubahatisha."

Nilikuwa meza ya pili, plasta mgongoni chini ya sweta, nikijifanya napanga karatasi. Mama sikumwambia, ndiyo kwanza alikuwa amemzika dada yake kwa ugonjwa huo huo.

Jibu likaja Jumatano: si saratani. Bi Tabia aliandika namba, akanigeuzia kompyuta nisome, akaenda kuchemsha chai. Nililia chooni, kisha nikarudi nikala maandazi yake yote. Mpaka leo hajanitajia faili lile wala maandazi.

Asante, Bi Tabia. Tanga ikupokee kwa heri, na mwili wako usihitaji namba yoyote.

Mama yangu hasomi jarida hili la kliniki, ila Ijumaa ndiye atakayeleta keki. Tafadhalini, msimwambie.