Mama Taratibu na Valvu za Gari la Chanjo

Baada ya miaka ishirini na tisa kwenye usukani wa gari la chanjo, dereva wetu, ambaye sote tunamwita Mama Taratibu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi ni muuguzi niliyekaa kiti cha pembeni yake kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, ndiyo maana nimebebeshwa kazi ya kuandika haya. Wenzangu wameniomba niandike kwa ufupi. Nitajitahidi.

Alipoanza kazi alikuwa mwanamke pekee katika idara ya usafiri. Asubuhi ya kwanza mlinzi alimwelekeza kwenye foleni ya wagonjwa. Alipotoa leseni, mlinzi aliigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua noti bandia, kisha akafungua geti. Jina la Mama Taratibu alilipata wiki hiyohiyo. Daktari mmoja alikuwa akimhimiza akanyage mafuta kwenye barabara ya mawe, naye akamwambia kwa adabu kwamba mwenye haraka anaruhusiwa kushuka atembee. Daktari hakushuka. Na hadi leo hakuna chupa ya chanjo iliyowahi kuvunjika ndani ya gari la Mama Taratibu.

Lakini nikiambiwa nichague siku moja tu ya kumkumbuka, nitachagua Jumamosi moja ya mwaka wake wa tisa kazini, uani kwake.

Mwaka mmoja kabla ya Jumamosi hiyo alikuwa amefiwa na mumewe. Marehemu alikuwa fundi wa magari ya dizeli, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuisikiliza injini. Nyumbani alibaki yeye na mkwewe, mama mzazi wa marehemu, ambaye naye alikuwa mjane. Walikuwa hawasemezani. Mama Taratibu aliporudi kazini baada ya msiba, mkwewe alimwambia, "Mwanangu hajapoa kaburini, wewe ushapanda gari." Tangu hapo maneno yao yakawa ya salamu na chumvi iko wapi, basi.

Wiki hiyo gari letu lilikuwa limekuwa gumu kuwaka, na kwenye mlima lilikuwa likipumua kama mzee. Ajabu ni kwamba injini ilikuwa imetulia kuliko siku zote. Ile tak-tak yake ilikuwa imepotea, na sisi tulifurahi kwamba sasa tunaweza kuzungumza safarini. Mama Taratibu hakufurahi. Alituambia kwamba valvu, yaani kilango cha injini kinachoingiza hewa au kutoa moshi, ikiacha kugonga kabisa ni ya kuogopwa. Nafasi yake imebana, haifungi sawasawa, moto unapenya na mwisho valvu inaungua. Gereji ilikuwa imejaa kazi. Msimamizi akataka kuahirisha safari ya Jumatatu, na kule tulikokuwa tukienda watoto walikuwa wameshaanza kuugua surua. Mama Taratibu akaomba ruhusa ya kulala na gari kwake.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuuliza kama nipange masanduku ya barafu au niache. Nilimkuta ametandika shuka safi juu ya ukingo wa boneti vumbi lisiingie. Kifuniko cha valvu kilikuwa kimeshafunguliwa, na nati zake zimepangwa kwa mfuatano kwenye sinia kubwa la maua. Nilipoliona lile sinia nikajua kuna vita. Lilikuwa sinia la wageni, la mkwewe.

Kazi yenyewe si ya nguvu, ni ya subira. Injini inazungushwa kwa mkono, kwa spana ndefu inayoshika nati kubwa ya mbele, mpaka pistoni ifike juu kabisa na valvu zake mbili ziwe zimefunga. Hapo ndipo unapima nafasi iliyo juu ya valvu kwa fila, yaani vile vibamba vyembamba vya chuma. Tatizo ni kwamba anayezungusha yuko chini mbele, na anayetazama yuko juu. Mama Taratibu alikuwa akizungusha, anainuka kutazama alama ya pistoni kufika juu, anakuta imeshapita. Anarudi chini, anaanza upya. Mimi nilijitolea kumsaidia, nikazungusha upande usiotakiwa. Nikapewa cheo cha mshika sinia.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mkwewe alitoka, mikono ina unga, akalitazama sinia lake, akatutazama sisi. Nilitamani ardhi inimeze, sinia na yote.

"Unaipitiliza alama," alisema. "Kila ukizungusha unaipitiliza. Kazi hii ni ya watu wawili."

"Niko peke yangu, mama," Mama Taratibu alijibu, wala hakunihesabu mimi.

"Nani kakwambia?"

Bibi alijifuta mikono, akavuta kigoda mpaka mbele ya gari, akaketi na kuishika spana. Aliijua ilipo nati bila kuonyeshwa. Mama Taratibu alibaki ameduwaa, bisibisi mkononi.

"Kabla hujaja nyumba hii, unadhani nani alikuwa akimzungushia mwanangu?" bibi aliuliza. "Hakuwa na msaidizi. Ananiita, mama njoo, naacha sufuria motoni natoka. Ugali umeungua humu ndani kwa ajili ya valvu, we acha tu."

Wakaanza. Mmoja juu, mmoja chini.

"Kidogo, mama."

"Kidogo kama punje au kidogo kama konzi?"

"Punje."

"Mwanangu alikuwa akisema hivyohivyo, halafu anataka konzi."

Mama Taratibu alicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Alipopima valvu za kutolea moshi akaacha kucheka, maana mbili kati ya hizo zilikataa kabisa kuingiza fila. Alilegeza nati, akageuza skrubu kwa bisibisi polepole mpaka kibamba kikapita kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Akaibana nati, akapima tena, nafasi ikawa imehama. Akarudia. Bibi aliomba na yeye aguse. Akasimama, akakivuta kibamba huku amefumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Aliporudi kwenye kigoda hakushika spana mara moja.

"Nilikwambia neno baya siku ile," alisema.

"Limepita, mama."

"Halikupita. Nimelala nalo mwaka mzima. Nilidhani umemsahau, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unashika kazi yake." Akavuta pumzi. "Haya, silinda gani sasa?"

Mama Taratibu aliweka bisibisi kwenye sinia. Aliinama juu ya injini kama anayetafuta kitu kilichoanguka, na mabega yake yakatikisika. Bibi aliinuka akamshika kiuno, wakasimama hivyo mbele ya gari. Mimi nilililinda sinia. Sikuwa na pa kwenda.

Walimaliza kabla jua halijawa kali. Kifuniko kikarudi na gasketi mpya, Mama Taratibu akaingia ndani, akageuza ufunguo. Gari liliwaka mara moja, tak-tak-tak, kama cherehani. Jumatatu tulipanda mlima kwa gia ambayo tulikuwa tumeshaisahau, na tulichanja mpaka sindano zikaisha. Msimamizi wetu alimwandikia barua ya pongezi. Mama Taratibu aliipeleka kwa mkwewe.

Tangu hapo kazi hiyo ya valvu haikuwahi kwenda gereji. Wakati wake ukifika, gari lililala uani kwao na wajane wale wawili waliifanya pamoja, huku wakisimuliana habari za marehemu bila kuogopana. Bibi alipozeeka akawa anatoa amri tu kutoka kwenye kiti. Alipofariki, miaka mitano iliyopita, walioongoza maombolezo walimtambulisha Mama Taratibu kuwa ni binti yake. Hakuna aliyewasahihisha.

Mama Taratibu, umetufikisha, umeturudisha, na watoto wasiojua jina lako wanakimbia leo kwa sababu ulifika. Ahsante, dada yetu. Sherehe ikiisha utarudishwa nyumbani ukiwa umekaa kiti cha nyuma, kwa mara ya kwanza. Tumekuomba usimkosoe dereva, nawe umeahidi kujaribu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa, na abiria mmoja tu wa kumjali, ambaye ni wewe mwenyewe.