Lesian Yiamat na Kompyuta ya Ndani

Ninyi mlioandika kwenye ratiba ya sherehe kwamba Lesian Yiamat "alisaidia masuala ya kompyuta", hebu oneni aibu. Mstari mmoja! Hata yule fundi aliyekuja kutuchimbia choo tulimwandikia mistari mitatu alipoondoka. Mstari wenu nimeukata kwa kalamu nyekundu, na haya nimeandika mwenyewe, mimi Elinipa wa jikoni, niliyeishia darasa la nne, niliyekuwepo kituoni hapa wakati wengi wenu bado mnafungwa kamba za viatu na mama zenu. Princess wa mapokezi amechapa nilivyoandika. Nimemkataza kupamba.

Sasa someni vizuri. Lesian ametumikia Kituo cha Usikivu Enyorata, hapa Sakina, kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Aliingia tarehe 1 Machi 1997, na anastaafu Jumanne hii, tarehe 30 Juni 2026, akiwa na miaka sitini kamili, meno yote na nywele chache.

Hakuja kama mtu wa kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwepo. Alikuwa fundi redio Kaloleni, kwenye kibanda cha mabati, akaitwa aje kuunga waya wa hedifoni za chumba cha vipimo. Daktari wa wakati ule alimwambia ni kazi ya nusu saa. Waya aliuunga kweli kwa nusu saa, halafu akabaki mpaka jioni akitafuta kwa nini ulikatika. Alipanda darini, akakuta panya, akaziba tundu. Kesho yake akaajiriwa. Huyo ndiye Lesian mwenyewe: kitu kikipona haridhiki mpaka ajue kiliugua nini.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, sisi wengine tuliifunika kitambaa tukaiogopa. Yeye siku ya pili alishaifungua tumbo, daktari akapiga kelele. Alisoma kwa vitabu vya kuazima, akahudhuria kozi ya jioni Levolosi miaka miwili, huku ng'ombe wanamsubiri kwao chini ya Meru. Vumbi la mashine alilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Jumatano alikula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, mabakuli mawili, na ole wake aliyempigia simu bakuli la pili likiwa mezani.

Simfanyi malaika. Ni mkavu. Chai yangu ameinywa miaka yote hiyo na hajaisifu hata mara moja. Nikimuuliza ikoje, anasema "iko sawa". Lakini shikamoo yangu ya asubuhi sijawahi kuikosa, na wapo humu wenye digrii ambao lazima niwakumbushe.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii, niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nimekasirika. Watoto wetu wengi huvaa vifaa vya masikioni vya msaada, vya toleo la zamani. Kifaa kile hakivaliwi tu kama hereni. Kinaunganishwa na kisanduku kidogo, kisanduku kinaunganishwa na kompyuta, na Salha, mpimaji wetu, anakipangia sauti kulingana na sikio la mtoto yule, si la jirani yake. Programu inayofanya kazi hiyo imezeeka. Waliotengeneza wameiacha, na kompyuta mpya zinaikataa.

Mwaka 2014 kompyuta yetu ya zamani ilipokufa, wakubwa walikuwa wameshaandaa barua ya kuwaambia wazazi kwamba huduma imekwisha. Lesian akaomba wiki mbili. Alichofanya ni kuijenga kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Si ya chuma, ni programu tupu. Unabonyeza, dirisha linafunguka, na mle ndani kuna kompyuta nzima ya kizamani inayoamini kwamba bado ni miaka ile, na programu yetu inafanya kazi humo bila taabu. Calvin, anayefanya kazi na Lesian, anaiita mashine pepe. Sisi wengine tunasema kompyuta ya ndani. Humo humo zimekaa rekodi za masikio ya watoto mia mbili na kumi na wawili. Ile barua haikutumwa.

Sasa niseme ya Machi mwaka huu, maana mnayajua nusu nusu, na waliokosea wamo humu ukumbini, na mimi nimo.

Chumba cha vipimo kimezibwa sauti kuta zote. Nje mabasi ya Nairobi yanapiga honi na mafundi magari wanagonga vyuma, lakini ukifunga ule mlango unasikia mbu akitua. Kwaya ya wafanyakazi ikaona imepata studio. Jumamosi moja, bila kumwambia Lesian wala Salha, tuliingia kurekodi wimbo wa Pasaka. Thomasi wa stoo, mwalimu wetu wa kwaya, alikuwa na programu ya simu ya kuchanganya sauti, na simu yake ni ndogo, inakwama. Basi akaweka kwenye kompyuta ile programu nyingine inayoifanya kompyuta ijifanye simu. Ikauliza ruhusa ya kuwasha kitu fulani, Thomasi akabonyeza ndiyo. Ikasema izimwe iwashwe, akazima akawasha. Tuliimba vizuri sana. Mimi sauti ya pili.

Jumatatu wakaja Sankale na mkewe kutoka upande wa Monduli, na binti yao Naisiae, miaka minne. Ilikuwa siku ya mtoto kuvaa vifaa kwa mara ya kwanza. Salha akabonyeza kompyuta ya ndani. Haikufunguka. Yakatokea maandishi ya Kiingereza. Akabonyeza tena, yale yale.

Calvin, ambaye ndiye anayechukua nafasi ya Lesian, ni baba wa watoto wawili, kasoma, lakini ana haraka. Akasema, "Mzee, hii tuifute tuiweke upya. Nusu saa tu." Na kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Lesian akamshika mkono.

"Mle ndani mna watoto mia mbili na kumi na wawili. Ukifuta, utawarudishia nini?"

"Si kuna kopi ya Ijumaa?"

"Kopi ni ya siku nyumba ikiungua. Leo imeungua?"

Calvin akaondoa kidole. Lesian akafungua daftari, akayanakili yale maandishi neno kwa neno, kisha akageuka akatutazama wote tuliojazana mlangoni. Hakuuliza nani kaharibu. Aliuliza hivi: "Ijumaa iliamka. Tangu Ijumaa, kitu gani kipya kimeingia humu?"

Thomasi alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama birika nililoshika. Nimelea wajukuu tisa, na nimewachapa kwa uongo mdogo kuliko kimya kile.

Basi Lesian akaanza kutafuta gizani. Alizima kinga ya virusi, akajaribu, ikakataa, akaiwasha. Akatazama kama nafasi imejaa, haikujaa. Akapunguza kumbukumbu aliyoipa kompyuta ya ndani, ikakataa, akairudisha ilivyokuwa. Calvin alitaka wabadilishe vitu vinne kwa mpigo. Lesian akamwambia, "Ukibadilisha vinne ikapona, utajua ni kipi? Kimoja. Ukishindwa, kirudishe. Andika. Halafu kingine." Saa moja ikaisha, ikaingia ya pili. Sankale alikuwa ameshauliza mara mbili kama warudi nyumbani, na mama wa mtoto akawa anafunga na kufungua fundo la shuka lake.

Naisiae nilimchukua jikoni. Alikaa sakafuni akipanga vifuniko vya sufuria. Kile kikubwa kikamponyoka kikaanguka kwenye saruji kwa kishindo, mimi nikaruka nikamwaga chai. Mtoto hakugeuza hata shingo. Aliendelea kupanga.

Hapo nikashindwa. Nikaenda mpaka chumba cha vipimo na mikono yenye unga.

"Lesian, ni sisi. Jumamosi tuliimba humu."

"Mliimba nini?"

"Wimbo wa Pasaka."

"Kompyuta haiharibiki kwa Pasaka, mama. Mlibonyeza nini?"

Thomasi akaitwa, akaeleza yote huku jasho linamtoka. Lesian hakumfokea. Alinieleza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, na alinieleza kwa lugha ya kwangu. Kompyuta hii, alisema, ina jiko moja. Kompyuta ya ndani hupikia hapo. Ile simu ya bandia mliyoileta nayo hupikia hapo hapo, na ikishalishika jiko haimpishi mtu.

Calvin akaitoa programu ya Thomasi. Wakajaribu. Bado! Calvin akaguna, "Nilisema tufute." Lesian akamjibu, "Mpangaji ametoka, lakini ameondoka na ufunguo." Ile ruhusa ambayo Thomasi aliibonyezea ndiyo ilikuwa bado imewashwa, ndani kabisa kwenye mipangilio, ingawa programu iliyoiomba haipo tena. Akaenda huko, akatoa tiki moja. Moja tu. Akazima, akawasha, na ile picha ya kilima cha kijani, inayokaa kwenye kioo cha kompyuta ya zamani, ikatokea.

Nikaanza kupiga vigelegele, akaninyamazisha kwa mkono. Kisanduku kilikuwa hakionekani. Kompyuta ya nje ilikuwa imekinyakua, ya ndani haikioni. Akachomoa waya, akauhamishia tundu la nyuma, akaiambia kompyuta ya ndani ikichukue. Taa ya kijani ikawaka. Akasimama, akamwachia Salha kiti.

Naisiae hakucheka kama watoto wa kwenye matangazo. Alilia. Mlango ulipofunguliwa, basi la Nairobi likapiga honi, akajificha kwenye shuka la mama yake. Mama akainama kumbembeleza, na shanga zake za shingoni zikagongana. Mtoto akanyamaza. Akazishika, akazitikisa. Akazitikisa tena. Mpaka wanaondoka getini bado alikuwa akizitikisa, na Sankale anatembea nyuma yao anajifanya macho yake yameingia vumbi.

Lesian hakumpeleka Thomasi kwa mkurugenzi. Jioni ile alibandika karatasi juu ya kompyuta, kwa mkono wake: "Humu mna kompyuta nyingine. Usiongeze programu. Ukiongeza, sema." Na Jumamosi iliyofuata alikuja na kinasa sauti chake cha zamani kutoka Kaloleni, akatufungulia chumba, akaketi nje kwenye benchi mpaka tukamaliza wimbo. Nilimuuliza umekuwaje. Nadhani mnajua alivyojibu.

Hayo ndiyo mliyoyaita kusaidia masuala ya kompyuta.

Elieshi, mke wa Lesian, tunakushukuru. Umetuazima mume Jumapili na sikukuu, na kopi ya kila Ijumaa umeilaza kabatini kwako, imefungwa kwenye kanga, kama mali ya nyumba yako. Haukuwa wajibu wako. Dada, Mungu akulipe.

Lakini mimi tangu Machi silali vizuri, na sitajifanya nimefurahi ili sherehe ipendeze. Masikio ya watoto yanakua. Kila baada ya miezi kadhaa kifaa lazima kipangwe upya, na kila kikipangwa, kompyuta ya ndani lazima iamke. Julai tayari wameandikiwa watoto kumi na mmoja. Kompyuta ya ndani isipoamka, watarudi kule alikokuwa Naisiae na vifuniko vyangu. Calvin ni mtu mzuri. Tangu siku ile amenunua daftari, anauliza, haraka imempungua. Ila mpaka leo ametazama tu. Mimi nimetazama watu wakiendesha magari maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja wenu angepanda nikishika usukani.

Lesian, umefanya kazi yako na hukuacha uchafu nyuma. Nenda ukapumzike. Upate mvua kwa wakati wake, magoti yasikuume, na ng'ombe wasikukimbie. Ukipita Sakina, pita jikoni. Wewe ni ndugu yangu.

Sasa kazi. Ratiba yenu inasema keki saa sita. Nimeifuta. Saa sita kamili Calvin ataingia chumba cha vipimo na kuifungua kompyuta ya ndani mwenyewe, tangu kuiwasha mpaka taa ya kijani, Salha akiwa na kisanduku. Thomasi, kabla ya hapo utawasha kitu kimoja usichomwambia Calvin, Lesian akiwa amekubali na kopi ikiwa mkononi, ili ikatae. Lesian atasimama nyuma, mikono mfukoni, mdomo umefungwa. Pilau iko kwangu. Taa ikiwaka, njooni mle. Isipowaka, hakuna atakayeshika sahani, mkurugenzi akiwemo, na Calvin atarudia kimoja kimoja mpaka iwake. Nendeni mkanawe mikono.